Nyumba Tupu Inayotwanga Sombe

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Germaine, niinue kidogo. Clovis, kaa hapa nikuone. Na wewe Chileshe, mama, kitinda mimba wangu, acha kulia. Anayelia hasikii, na leo nataka msikie.

Miaka ishirini na sita nimefundisha watoto wa mtaa huu, na kila somo nililianza na jambo dogo ambalo mtoto analijua. Leo naanza na mlango. Ni mlango wa Ngalula, yule mama wa Kasai aliyeuza samaki wa Kasenga, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mlango ambao wewe, Clovis, unaufungua kila asubuhi kana kwamba ni wako.

Katanga ilipojitenga, shule yangu ilifungwa, na ofisi ya nyumba za mtaa ikanichukua niwe mwandishi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwaka jana, watu wa Kasai walipoanza kuwindwa na kukimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, mkuu wa ofisi alinituma nipite avenue yetu nyumba kwa nyumba, nibishe mara tatu kila mlango, na pasipojibu mtu niandike "tupu", ili nyumba apewe mwingine. Kwa Ngalula nilibisha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nami nilisikia, wanangu. Nyuma ya nyumba mchi ulikuwa unatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mchana. Nikaandika "tupu".

Mnakumbuka siku ile bombani, mbele ya wanawake wote, aliponiambia, "Mwalimu, unafundisha batoto ba bantu kuhesabu, na Clovis wako hajue hata vidole vyake!" Walicheka, nikacheka nao, lakini neno lile nililitunza miaka mitatu, na siku ile kidole changu kililikumbuka. Jeraha la ulimi halina dawa, walisema wahenga. Lakini langu nililikuna mwenyewe ili lisipone. Siku mbili baadaye vyombo vyake vilitupwa barabarani, naye akaenda kambini na watoto wanne, na nyumba ukapewa wewe, Clovis.

Hakunyamaza. Alipeleka shauri tribinali, mbele ya hakimu, na watu wakamcheka, maana nani amewahi kuishtaki karatasi ya serikali? Siku ya shauri hakimu aliniita mbele, akasema kwa upole, "Mwalimu, bisha meza hii kama ulivyobisha siku ile." Ningeweza kupiga ngumi. Nilibisha kwa ncha ya kidole, na karani aliyekaa nyuma akasema hakusikia kitu. "Na wewe, ndani ulisikia nini?" Nikajibu, "Mchi, bwana hakimu. Ulikuwa unatwanga." Hapo mtu mmoja akapaza sauti, "Kumbe nyumba tupu njo inatwanga sombe!" Watu wote wakaangua kicheko, hata askari wa mlangoni.

Hukumu ile niliinakili kwa mkono wangu. Imo ndani ya Biblia. Serikali ina nguvu ya kuchukua, alisema hakimu, lakini haina ruhusa ya kuchukua kwanza na kuuliza baadaye. Mtu aitwe kwa sauti anayoweza kuisikia, aseme yake, kisha mwamuzi akate neno, si mwandishi wa ofisi. Na anayekimbia kuokoa roho hajaiacha nyumba yake, kwa hiyo Ngalula arudishiwe yake. Tangu siku hiyo wengine wengi wameishika hukumu hiyo mkononi, na orodha yangu imefutwa. Mimi niliachishwa kazi, sikulalamika.

Lakini hukumu haina miguu. Hakuna askari aliyekwenda kuitekeleza, na aliyemo ndani ni mwanangu. Umeniambia, "Baba, nikitoka mie, bengine bataingia." Si neno la mpumbavu, nimelifikiri sana. Lakini anayemlindia mtu nyumba humpelekea ufunguo, asiyempelekea ameikalia.

Kwa hiyo nyumba hii namwachia Clovis na watoto wake, asiseme amekosa pa kwenda. Germaine, wewe ndiwe uliyeniosha na kunilisha, na nyumba hii nilikuahidi wewe. Ndiyo maana jana nilikuuliza kwanza. Ukasema, "Bapatie, baba. Lakini bibi ya Clovis asiguse cherehani yangu." Wote mmesikia: chumba cha mbele na cherehani ni vya Germaine, wala asitolewe humo na mtu. Kosa ni langu, unalilipa wewe, nisamehe. Vitabu ni vya Chileshe.

Usipotoka kwa Ngalula, Clovis, sina la kukuachia. Toka leo. Osha sakafu, funga mlango, uende kambini na dada yako Germaine awe shahidi, umpe Ngalula ufunguo mkononi mwake. Mwambie aliyebisha ni mimi, na kwamba nilisikia. Akikutukana, simama umwache atukane mpaka amalize. Huko ndiko kumsikiliza mtu...

Maji kidogo, Chileshe. Basi, yanatosha.

Mungu awape... awape masikio, wanangu. Mkae pamoja. Asiyekuwepo asihukumiwe mezani penu.

Clovis, usinishike mkono, baba. Nenda ukafungue kitanda cha watoto ukilete hapa, jua lingali juu. Nitajitahidi... nitajitahidi unikute. Nenda tu.