Mikono ya Boaz Nkwabi, 1961–1999

Marehemu Boaz Nkwabi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Mhunze, Kishapu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi Maganga na Mama Mbuke. Leo ni Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1999, na kila aliyekaa hapa anajua kwamba hadi karatasi hizi zinachapwa jana mchana, kanisa lilikuwa halijasema kama litamzika. Mshirika aliyetengwa hazikwi na mchungaji, wala kwaya haimwimbii. Familia haitaki kulifumbia macho jambo hilo. Marehemu mwenyewe alimwomba dada yake Apolonia, anayewasomea haya, kwamba siku ikifika asome yote, asiruke kitu.

Utotoni alichunga ng'ombe kama wenzake, ila kila ng'ombe wa baba alimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba. Mama akifuta, yeye anachora tena. Mwaka 1973 ng'ombe wetu wawili waliibwa, wakaonekana kwenye zizi la mtu upande wa Meatu, na mtu yule akaapa kuwa wamezaliwa zizini kwake. Wazee walikuja kuutazama ukuta. Baka la bega la kushoto lilikuwepo, na sikio lililochanika lilikuwepo. Ng'ombe wakarudi nyumbani, na mama hakufuta tena.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Mhunze kuanzia 1969 hadi 1975. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, maana yeye na hesabu walikuwa paka na panya. Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake kupiga alama kwenye robota, na kuanzia 1980 akawa fundi wa mabango Shinyanga mjini. Bango la duka la vitambaa la Mzee Mansukhlal ni mkono wake, na nusu ya mabango ya vinyozi wa mtaa wake wa Ngokolo vilevile.

Tarehe 15 Juni 1985 alifunga ndoa na Lusia. Wengine huchumbia kwa barua. Boaz alikipaka rangi kibanda cha maandazi cha mama mkwe wake bila kuombwa, kisha akaja kuuliza kama rangi imekauka. Alikuja kuuliza mara tisa. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Klara na Melania.

Mwaka 1988, kama vijana wengi wa kwetu, alifuata dhahabu Katoro. Hakushuka shimoni. Alikuwa mchomaji: unga wa mawe unachanganywa na zebaki, unakamuliwa kwenye kitambaa, na kile kidonge kinachobaki kinawekwa juu ya moto mpaka zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Alifanya hivyo miaka mitano, ndani ya chumba kilichofungwa ili wapita njia wasione. Moshi ule hauna harufu kali, wala hauumi macho. Ndiyo maana hakuuogopa.

Alirudi Ngokolo mwaka 1993. Mwaka uliofuata mikono ikaanza kutetemeka. Alipopanda ngazi kulipaka upya bango la Mzee Mansukhlal, herufi zilitoka zimejikunja kama zimeandikwa ndani ya lori. Alishuka, akaketi barazani, akalia mbele za watu. Induben, mke wa Mansukhlal, alimletea chai kwenye bakuli, kwa kuwa kikombe kingemwagika.

Mtoto wao Rushabh ndiye aliyemwita chumba cha nyuma. Alikuwa na kompyuta iliyoletwa na mjomba wake kutoka Uingereza, na ndani yake mchezo wa kurusha ndege. Ndege alizozipenda Rushabh ni jeti kuukuu za jeshi la majini, za miaka ya hamsini, zenye mabawa yanayokunjwa na ndoano mkiani. Zinatua juu ya meli, na ndoano ile ikikosa kudaka kamba, ndege inakwenda na maji. Boaz hakuvutiwa na kuruka kwanza. Aliuliza kwa nini zimepakwa rangi vibaya.

Rushabh akamwonyesha kwamba rangi ile inabadilishwa, nukta moja moja, na nukta ikikosewa inafutwa. Basi fundi akapata kazi yake tena. Alishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasubiri mtetemo upungue, akabonyeza. Mjomba alituma magazeti ya zamani yenye picha, na Boaz akafuata kila alama. Siku moja Rushabh alimwambia nambari ya mkiani imekosewa tarakimu moja, lakini hakuna atakayejua. Boaz alifuta mkia mzima. Kazi ile ya wiki mbili aliianza upya, kwa sababu, alisema, ndege ile ilikuwa na watu wake na wao wangejua. Ndege zake zilipelekwa Uingereza kwenye diski, na watu wasiomjua walizirusha.

Sasa tuje kwenye lile linalotukalisha hapa kwa wasiwasi. Jumapili tarehe 11 Agosti 1996, kwenye meza ya Bwana, kikombe kilimtoka mkononi na divai ikamwagikia kitambaa cheupe. Mzee wa kanisa aliyeshika sinia alikuwa Mzee Ngassa. Huku kwetu mkono unaotetemeka una jina moja tu, pombe ya gongo. Wazee walimwita, wakamweka nje ya ushirika mpaka atubu.

Mzee Ngassa hakuwa na ukali. Alimwambia, "Simama mbele ya washirika, sema ulikunywa, Jumapili ijayo unarudi."

Boaz akajibu, "Shikamoo nakupa, Mzee. Lakini sijanywa. Nikitubu hilo, ndipo nitakuwa nimetenda dhambi."

Lusia alimsihi. Alimwambia, "Baba Klara, ni neno moja tu, halafu tuishi." Boaz hakulisema, na watu wa nyumba hii walimkasirikia, Apolonia akiwa wa kwanza. Mwaka 1997 daktari wa Mwanza aliandika kwamba ni zebaki. Boaz aliipeleka barua. Mzee Ngassa aliisoma, akasema inaeleza mikono, haielezi alichokunywa siku ile. Ulimi nao ukaanza kuwa mzito, miguu ikayumba, na waliokuwa na shaka wakasema si mnaona. Miaka mitatu na zaidi alikaa benchi la nje, karibu na dirisha, akiimba.

Mwaka huu figo zilianza kushindwa. Mwezi wa Oktoba alimwomba Rushabh ampeleke kwenye kompyuta. Hadi hapo hakuwa amewahi kutua juu ya meli hata mara moja. Kila mara mtetemo ulimtupa baharini, yeye ambaye bahari hakuwahi kuiona. Tarehe 23 Oktoba Lusia alisimama nyuma yake, amemshika kiwiko. Meli ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Ikakua. Ndege ikayumba kushoto, akairudisha, ikayumba tena, Lusia akafumba macho. Ndoano ikadaka kamba ya mwisho.

Ndege hiyo alikuwa ameipaka kwa siku kumi na moja. Chini ya kioo, pale linapoandikwa jina la rubani, hakuandika jina lake. Aliandika MZEE E. NGASSA. Rushabh alipomuuliza, alisema, "Siku yangu nataka yeye ndiye anishushe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Desemba 1999, nyumbani kwake Ngokolo, akiwa na miaka thelathini na minane.

Aya hii haimo kwenye karatasi mlizoshika. Imeandikwa kwa kalamu leo asubuhi. Mzee Ngassa alifika msibani kabla ya watu. Rushabh alimpa picha ya ndege ile, iliyochapwa kwenye karatasi. Mzee alivaa miwani, akalitazama jina lake muda mrefu. Akauliza limeandikwa lini, akaambiwa ni Oktoba, na Rushabh akamweleza alichosema marehemu siku ile.

Akasema, "Herufi hazikutetemeka. Mimi ndiye niliyesoma vibaya." Kisha akamwomba Lusia ruhusa ya kutia udongo wa kwanza, na akamtuma mtu akaiite kwaya. Mnaiona imesimama pale.

Marehemu ameacha mama yake Mbuke, mjane Lusia, mabinti Klara na Melania, dada yake Apolonia, na rafiki yake Rushabh, aliyekuwa kama mdogo wake. Bwana ampokee fundi wake. Pumzika, Boaz, mikono imetulia.