Clément Kapya na Njia ya Kijito Kalulwa

Franka elfu nane iko mukononi mwangu, ndani ya bahasha, na mbele ya kusoma maisha ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, ninarudilia kile nilisema pale mulangoni mpaka bamama bakaacha kulia: hatuikamate, na wewe Kapita Nkandu, shemeji yetu na musimamizi wa kazi kwa kampuni ya zahabu, usisimame, kaa, juu ulisema "Hortense alipokea na mikono mbili, akapiga makofi, maneno imekwisha," na bantu bote hapa banajua kama kwa ukoo wetu makofi kwenye sahani ya kilio, pale bantu banaweka matoleo, inafunga ugomvi wote na marehemu, lakini dada yetu alipigia makofi shemeji mwenye machozi, hakupigia kampuni, maana haukumuambia bahasha inatoka kwa nani.

Sasa musikilize. Mimi Faustin Chomba, mudogo wa marehemu, sikukaa sana masomoni, kusoma nilijifundisha kwa makaratasi ya kufungia sukari, kwa hiyo nitasema sawa vile ilikuwa, bila kupaka mafuta.

Marehemu Clément Kapya alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1919 huko Kasenga, kando ya Luapula, mutoto wa kwanza wa mama Albertine na baba muvuvi wa samaki, akasoma kwa bamisioneri mpaka mwaka wa ine, na mwaka 1937 akafika hapa Lubumbashi, akaandikwa kazi kwenye tanuru ya shaba, akaitumikia mpaka mwezi wa kumi 1958, wakati balipunguza bafanyakazi na kumurudisha nyumbani na blanketi mbili na kikohozi.

Tarehe 9 mwezi wa munane 1941 alimuoa Adolphine Bwalya mbele ya padri, hapahapa mujini, muke aliyemuweza kwa maneno, na hakuna mwingine aliyemuweza, Mungu akabapa batoto bane, mumoja akatangulia, baliobaki ni Zéphirin, Germaine na Brigitte, muko nabo pale kwenye mukeka.

Alipokosa kazi alikamata kinga, ni baiskeli yake, na karai, akaenda kutafuta zahabu kijitoni Kalulwa, akapeleka kwanza kuku mweupe na unga kwa mukubwa wa udongo, akapewa njia, akaingia kati ya bachimbaji bengine, na sheria yabo ilikuwa moja: shimo ulilofungua, jioni unalifunika na miti, hata kama umechoka namna gani, juu mwenzako atapita pale, na asiyefunika anafukuzwa kijitoni, hata kama ni ndugu ya damu.

Mwezi wa tatu 1961, mwaka ule wa kwanza wa bendera mupya, kampuni ya kutafuta zahabu ilikuja na karatasi ya serikali, ikafuata mashimo ya bachimbaji moja moja, ikachimba mifereji yake ya kupima palepale, kisha ikaweka barieri barabarani na kubaita bezi ba zahabu, na Muzungu wabo alipomuuliza Clément karatasi yake iko wapi, yaya akamujibu kama "karatasi yangu ni lile shimo, bwana, ingia usome," hata bapolisi bakacheka, lakini barieri haikufunguka.

Tangu siku ile bachimbaji balizunguka katika majani marefu, na tarehe 17 mwezi wa ine 1962 Clément akaanguka mule majanini katika mufereji wa kampuni, wazi, bila hata tawi moja juu yake, chuma ya mule ndani ikamutoboa muguu, na ninasema kweli, Nkandu njo alimutoa, akamubeba mugongoni mpaka barabarani akilia kama mutoto, na ni sababu ya ule mugongo Hortense alimupigia makofi, na mimi pia ningepiga.

Hospitali balimupigania na tetanosi, taya ikafungika, lakini mbele ifungike alituambia kama hataki makuta ya muntu, hata franka moja, akazima siku ya Mungu, tarehe 6 mwezi wa tano 1962, akiwa na miaka makumi ine na tatu.

Tunashukuru badaktari na bamasera, babikira ba hospitali, baliokesha naye, majirani ba mutaa wetu wa Kenya baliotupa viti na makala, benzake ba tanuru baliochanga sanduku, na bachimbaji ba Kalulwa, ambao kesho njo batafunika kaburi yake, maana kufunika banajua.

Lala, yaya, udongo usikulemee, kazi yako umeimaliza.

Nkandu, shemeji, mugongo wako tumeupokea, bahasha kamata, urudishie bale baliokutuma, na ubaambie kwa mudomo, mbele ya bantu, vile ninakuambia hapa: mufunike ule mufereji, na mufungue njia.