Bunduki Nzuri Aliyoichagua Azzam

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama unakaanga kitu jikoni, punguza moto kidogo, maana leo nataka unisikie vizuri. Mimi ni Joyceline, na leo nimekuja na jina moja tu. Azzam Mazin. Kijana wa Upanga, mtoto wa duka la bunduki pale Kariakoo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Ameuawa na nyati, huko porini kusini, akiwa kazini.

Kwa wewe unayefungua redio sasa hivi, narudia. Azzam Mazin, wa Upanga, ameuawa na nyati.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake, Bi Thuraya Nasor, alinipokea mlangoni mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya kukauka. Dada yake Azzam, Huda, akaleta kahawa. Mama hakuigusa. Akaniambia, "Mwanangu, uliza unachotaka. Nimeshaulizwa na polisi, nimeshaulizwa na mashekhe. Ila mimi ninayejiuliza ndiye anayenichosha."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ili mumjue Azzam, lazima mlijue lile duka. Wengi mmelipita bila kuliona. Limebanwa katikati ya duka la vitenge na duka la mabomba. Mlango wa chuma, na kengele. Nje mikokoteni inagongana, wapagazi wanapiga kelele, "Pisha! Pisha mzigo!" Ukiingia ndani, kimya. Harufu ya mafuta ya mashine. Kabati la kioo, na ndani yake bunduki za kuwindia zimesimama wima. Duka alilianzisha babu yake Azzam, Mzee Nasor. Alipofariki, likashikwa na binti yake, Thuraya. Mwanamke, anauza bunduki. Wanaume walikuwa wakiingia, wanaangaza macho, wanauliza, "Mwenye duka yupo?" Naye anawajibu, "Yupo, anakutazama."

Bi Thuraya alikuwa na namna yake ya kuuza. Mteja akiipenda bunduki kwa macho, anamwambia, "Fumba macho." Anampa mkononi. "Koki. Koki tena. Haraka, kama unafukuzwa." Kisha anamuuliza, "Unakwenda kupiga nini? Na ukimkosa, atakufanya nini?" Kama ni swala, ukimkosa anakimbia, na wewe unarudi nyumbani na hasira zako. Kama ni nyati, ukimkosa anakuja. Bunduki ya anayekimbia na bunduki ya anayekuja, alisema, si moja.

Azzam alikulia katika maneno hayo. Baba yake, Mzee Mazin, alifariki Azzam akiwa bado shule. Kila akitoka darasani anakuja dukani, anatupa begi, anashika kitambaa, anasugua mitutu. Huda aliniambia, "Kaka yangu alikuwa mtu wa vitu vizuri. Viatu vyake havina vumbi hata kama ametoka sokoni. Tulikuwa tunamtania, hivi wewe unakwenda porini au harusini?"

Lakini porini alikwenda. Alipata kazi ya mwindaji msaidizi katika kampuni moja inayopeleka wageni kusini. Mkubwa wake wa kazi akawa Bwana Goodluck, mwindaji wa miaka mingi. Na kazi hiyo inataka bunduki yako mwenyewe, yenye kibali chenye jina lako.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, wasikilizaji wapendwa. Pale dukani kwa mama yake. Bunduki mbili zimelazwa mezani, juu ya kitambaa cha kijani.

Zote mbili za kukoki kwa mkono. Unainua mpini wa bolti, kile chuma cha nyuma ya mtutu, unavuta nyuma, ganda la risasi iliyolia linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Zote mbili zilikula risasi kubwa, ile inayoruhusiwa na sheria kwa wanyama wakubwa. Mpaka hapo ni sawasawa.

Ya kwanza ilikuwa nzuri, jamani. Hata mimi nisiyejua kitu nimeonyeshwa picha yake, nikasema lo! Mbao ya kitako ina mishipa myekundu kama chai ya rangi ukiiinua kwenye jua. Chuma cheusi kinang'aa. Nyepesi. Ina mahali pa kufunga darubini, ina sefti, ile kufuli ya kuzuia risasi isitoke, laini ya kusukuma kwa kidole gumba, na magazini, kisanduku cha risasi, inachomoka. Na bei yake haikufika hata nusu ya ile nyingine.

Ya pili ilikuwa kama gogo. Nzito. Mbao imepauka, chuma kimekwaruzwa. Bei yake ya kutisha. Lakini kwenye bolti yake ilikuwa na kucha ndefu, nene, inayoshika ganda la risasi tangu linaingia mpaka linatoka. Ile nzuri nayo ilikuwa na kucha, ila ndogo. Bi Thuraya alinionyesha kwa ncha ya kidole chake cha mwisho. "Hivi tu. Kwa swala inatosha kabisa. Lakini kukiwa na joto, na vumbi, na ganda limevimba likang'ang'ania, kucha ndogo huteleza. Bolti inarudi, ganda linabaki ndani. Basi. Umeshika fimbo."

Alimwambia Azzam hivyo hivyo. Huda alikuwepo. Anakumbuka Azzam alivyocheka.

"Mama, hiyo nyingine ni mpini wa jembe. Wenzangu watanicheka."

"Nyati hacheki, Azzam."

"Mimi sipigi nyati, mama. Nyati ni wa Bwana Goodluck. Mimi nambebea wageni darubini, nawapigisha swala. Si wewe unayesema bunduki ichaguliwe kwa mnyama? Basi mimi mnyama wangu ni swala."

Kijana alikuwa amemjibu mama kwa maneno ya mama mwenyewe, na alikuwa sahihi. Kwa swala, ile nzuri ilikuwa bunduki safi, na bei yake safi. Akamuuzia. Azzam aliibusu ile mbao mbele yao, akasema, "Chuma kikali hiki!" Mama akacheka naye. Wasikilizaji wapendwa, hicho kicheko ndicho kinachomuumiza leo. Aliniambia, "Nilicheka. Laiti ningeifungia kabatini nikameza ufunguo."

Msimu ukaanza. Azzam akaondoka, na kwa wiki kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Kisha siku moja, magharibi, simu ya Bi Thuraya ikaita.

"Shikamoo mama. Nimepanda juu ya gari, ndiyo napata mtandao."

"Marahaba mwanangu. Mzima?"

"Mzima. Bwana Goodluck ndiye ana homa kali, hata kusimama hawezi. Kesho natoka na mgeni mimi."

"Mnatafuta nini?"

"Nyati."

Bi Thuraya akauliza haraka. "Na bunduki ipi?"

"Yangu."

"Chukua ya Goodluck!"

"Mama, kibali chake ni chake. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Bunduki ya mtu haishikwi na mtu mwingine."

"Azzam, ishike! Ishike, nitajibu mimi huko polisi! Azzam? Azzam, unanisikia?"

Simu ilikuwa imekatika. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Alipiga mpaka chaji ikaisha, akachukua simu ya Huda akaendelea.

Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, mama na binti walikuwa mlangoni pa ofisi ya kampuni, mjini. Karani aliwasikiliza, akaingia kwenye redio ya upepo, akaita kambini. Aliyejibu alikuwa mpishi. "Wameshatoka. Wametoka alfajiri." Bi Thuraya akamnyang'anya karani kipaza sauti. Akapiga kelele, "Mfuateni! Mwambieni arudi, mama yake anasema arudi!" Mpishi akamjibu kwa upole kwamba gari lilikuwa moja tu, na ndilo walilokwenda nalo.

Mnamwona huyo mama? Anajua kasoro iko wapi, anaijua kwa kidole chake. Na hana njia ya kuufikia mkono wa mwanawe.

Alitoka pale akaenda dukani. Akafungua kabati, akatoa lile gogo, ile bunduki nzito yenye kucha ndefu, akaitia kwenye mfuko wake, akaelekea mlangoni. Huda akasimama mbele yake, mikono ameitandaza.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kusini."

"Huna kibali cha kusafiri nayo. Watakukamata hata Mbagala hujafika. Na ni mwendo wa siku nzima, mama. Siku nzima!"

"Nipishe, Huda."

"Sikupishi."

Bi Thuraya akakaa chini, sakafuni, bunduki mapajani. Nje Kariakoo inanunua na kuuza kama kawaida. Huda anasema hajawahi kumwona mama yake amekaa sakafuni dukani. Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Alipokuwa anainuka kwenda kutia udhu, simu ikaita. Alikuwa Bwana Goodluck, mgonjwa, analia, anapiga kutoka uwanja wa ndege ndogo.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na aliyeyaona. Anaitwa Elisaria, mfuatiliaji nyayo, mtu wa makamo. Alisafiri mpaka Upanga kutoa pole, nami nikamkuta hapo. Mgeni alimpiga nyati vibaya asubuhi ile. Mnyama akaingia kichakani na jeraha. Nyati aliyejeruhiwa haachwi, wasikilizaji wapendwa. Atamuua mkata kuni, atamuua mama anayechota maji. Mwindaji ni lazima amfuate. Azzam akamwacha mgeni garini, akaingia kichakani na Elisaria.

Nyati alikuwa anawasubiri. Akatoka ubavuni, karibu mno. Azzam alipiga, na alipiga vizuri. Mnyama akayumba, hakuanguka. Azzam akainua bolti, akavuta.

Bi Thuraya alimkatisha Elisaria hapo. Aliuliza kama mtu wa bunduki, si kama mama. "Bolti ilirudi?"

"Ilirudi, mama."

"Ganda?"

"Halikutoka."

"Alisukuma tena akavuta?"

"Alisukuma, akavuta. Halikutoka. Ndipo akanigeukia. Akanisukuma kwenye mti, akasema, 'Panda!' Nikapanda. Mama, mimi nilipanda." Elisaria alikuwa analia, mtu mzima yule. "Yeye hakuwa na nafasi tena ya kupanda. Alibaki pale chini, bunduki ameishika kwa mtutu, anapiga nayo, anapiga kelele ili mnyama amtazame yeye, asinitazame mimi."

Nyati alianguka baadaye, hatua chache kutoka pale, kwa ile risasi moja ya Azzam. Azzam alifariki ndani ya gari, kabla hawajafika uwanja wa ndege ndogo. Akaletwa nyumbani, akasaliwa, akazikwa Kisutu. Watu walijaa. Wapagazi wa Kariakoo waliacha mizigo, wakaja kulibeba jeneza.

Bunduki ilichunguzwa. Wakaguzi walisema haina hitilafu. Nilimuuliza Bi Thuraya kama amekubaliana nao. Alitikisa kichwa kukubali. "Wamesema kweli. Haina kosa. Ni bunduki ya swala. Imepelekwa kwa nyati." Kisha akasema jambo ambalo nimelala nalo tangu juzi. "Nilimwambia. Watu wananifariji hivyo, wanasema, ulimwambia. Lakini nilimwambia mara moja, akanichekesha, nikaacha. Joyceline, nilimwambia kidogo mno."

Huda alikuja akamshika mabega.

Duka limefungwa. Bi Thuraya hajui kama atalifungua. Anasema akifungua, ataingia kijana mwingine, ataitazama iliyo nzuri, atauliza bei, atafurahi. Naye hajui atamshika mkono kwa nguvu kiasi gani.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu hatutanunua bunduki maishani. Lakini tunanunua pikipiki na breki zake. Tunanunua majiko ya gesi. Tunawaacha watoto wetu wachague, na tunajua kitu, na tunakisema mara moja kwa upole, halafu tunaona tusiwachoshe. Leo, kama kuna mtu unayempenda na kuna jambo hujamwambia likamwingia, nenda kamwambie tena. Akicheka, mwambie tena. Akukasirikie, lakini awepo.

Tunatoa pole kwa Bi Thuraya Nasor. Tunatoa pole kwa Huda, kwa ndugu wote wa Upanga na wa Magomeni, kwa Bwana Goodluck, na kwako Elisaria, popote unapotusikia. Hukumkimbia mtu, Elisaria. Ulitii. Bi Thuraya ameniomba nikuambie hivyo hewani, kwa sababu siku ile ulipoondoka, yeye hakuweza kuufungua mdomo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Azzam Mazin.