Nuru Iliyotibiwa

Gari la abiria lilipofika Kangeta, kituo chake, Eunice hakushuka, maana alitaka kuwasikia wanawake wawili mbele yake waliokuwa wanabishana.

"Hiyo nuru uliyokuwa ukiiona shambani ilikuwa kifafa tu, mama," mmoja wao, nesi aliyevaa sare, alimwambia mwenzake. "Si ulipewa dawa, na nuru ikaisha?"

"Dawa nameza, na sianguki tena. Kwa hiyo nashukuru. Lakini hiyo 'tu' yako sitaki kuisikia. Pasta alisema ni pepo. Daktari akasema ni ubongo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Mungu aliniambia nini."

Eunice alingoja jibu la nesi mpaka kituo cha Laare. Gari liliposimama, nesi akauliza polepole, "Alikuambia nini?"

"Sasa ndio unauliza, nikishuka?" mama alisema, akashuka na kuubamiza mlango.