Risala ya Karakana ya Vipimo Kuhusu Sifuri ya Alhamisi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, karibu karakana. Umekuja kutuzindulia tangi la pili la sabuni ya maji, nasi tumefurahi kweli. Kiti ulichokalia tumekifuta mara tatu. Kama bado kinateleza, tuwie radhi, sabuni ya Alhamisi ile haijaisha yote humu ndani.

TULIKOTOKA

Zamani kina cha tangi kilipimwa kwa mtu kupanda ngazi na kijiti. Ndipo akaja Fundi Nne, ambaye leo humwoni hapa na sababu unaijua. Alifunga kipimo juu ya tangi na kuvuta waya wa mita mia tatu hadi chumba cha mitambo. Katika waya huo hupita mkondo mdogo wa umeme, usioweza kuwasha hata balbu ya friji. Tangi likiwa tupu, mkondo ni miliampia nne. Likijaa, ni ishirini. Likiwa nusu, ni kumi na mbili. Mkondo haupungui njiani: ulioingia mwanzo wa waya ndio utakaotoka mwisho, hata waya uwe mrefu namna gani. Pampu huusoma yenyewe, ikaanza na kusimama bila kumsumbua mtu.

Kila mgeni huuliza kwa nini tangi tupu lianzie nne. Fundi hujibu vilevile miaka yote, ndiyo maana akaitwa Nne: "Mwanafunzi aliyepata sifuri na mwanafunzi ambaye hakuja shule, utawaandikia alama moja?" Nne maana yake waya uko hai na tangi ni tupu. Sifuri maana yake waya umekatika, na pampu husimama papo hapo.

MAFANIKIO

Miaka kumi na minne tangi halikufurika hata kikombe. Hayo ndiyo mafanikio yetu, tusikuchoshe.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni panya. Tuliomba paka, bohari wakajibu kwamba paka hana namba ya bidhaa.

Changamoto ya pili, Mgeni rasmi, tunaisema kwa heshima zote. Ulipotutembelea mara ya kwanza uliona tangi tupu na mita inasoma nne. Ukauliza, "Nne ya nini hapa? Umeme unaliwa na tangi lisilo na kitu!" Fundi akakuelezea habari ya waya na ya mwanafunzi. Ukamwambia, "Mzee, hesabu nimesoma. Kitu kisichokuwepo ni sifuri. Nikirudi Alhamisi nione sifuri." Tulipiga makofi. Fundi hakupiga.

Alhamisi ulirudi, ukaiona sifuri, ukatupongeza. Hapo tangi lilikuwa tupu kweli. Saa sita panya akautafuna waya, na pampu, ambayo sasa ilifundishwa kwamba sifuri ni njaa, ikalisha bila kukoma. Mwendeshaji aliitazama sifuri, sifuri ikamtazama. Saa nane sifuri ilikuwa palepale imetulia, na tangi limejaa pomoni. Sabuni ikashuka ngazi, ikapita korido, ikaingia mapokezi. Mkuu wa masoko alitokea mlangoni akiwa amesimama, akapita mbele ya wateja akiwa ameketi, na hakuna aliyewahi kumshika. Mlinzi alipuliza filimbi, ikatoa mapovu.

Tulicheka, Mgeni rasmi. Tulicheka mpaka ilipokuja barua ya kumsimamisha Fundi kwa "kubadili mitambo kiholela". Kicheko kikatukauka midomoni. Ana miezi saba astaafu. Shemeji yetu, mkewe, anasema haongei nyumbani. Ameshafunga kipimo kwenye pipa la mvua, juzi akataka kutoboa birika. "Mrudisheni kazini, jamani," anatuambia, "atanimalizia vyombo." Halafu analia.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba, tumeyafuta sita, na paka yumo katika yaliyofutwa. Limebaki moja. Jumatatu wewe ndiye mwenyekiti wa kikao cha kumfukuza Fundi. Kabla hujakaa kwenye kiti kile, tunataka usikie jambo ambalo tumelinyamazia wiki tano, na aibu imetutafuna kuliko panya walivyotafuna waya.

Fundi hakuigusa swichi ya kipimo, ile inayochagua tangi tupu lisomeke nne au sifuri. Alikataa katakata. Alhamisi asubuhi alikuwa na ruhusa, amempeleka mama yake kliniki. Msimamizi akasema, "Jamani, bosi anapita saa nne, nani anataka kumweleza habari za mwanafunzi?" Hakuna aliyetaka. Tukaleta ngazi. Mmoja wetu alipanda akageuza swichi kutoka nne kuweka sifuri, sisi kumi tukaishikilia ngazi isiteleze. Kamwe hatujawahi kushirikiana vizuri namna ile.

Fundi aliporudi saa tisa alikanyaga sabuni getini, akaelewa yote. Wachunguzi walipouliza nani aligeuza, alitutazama mmoja mmoja. Sisi tukatazama viatu. Akawaambia, "Karakana ni yangu. Niandikeni mimi."

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, tunaomba Jumatatu viwekwe viti kumi na moja vya watuhumiwa. Kama unaona inafaa kuongeza cha kumi na mbili, kwa ajili ya aliyetaka kuona sifuri, hilo tunakuachia wewe mwenyewe, nasi hatutageuka kuangalia nani amekikalia.

Mungu akupe afya, akulindie nyumba yako, akujalie moyo wa kusikiliza na mkono mwepesi wa kusaini.

Ni sisi,
Wafanyakazi kumi na mmoja wa Karakana ya Vipimo na Chumba cha Mitambo, tulioleta ngazi.