Gari la Daktari wa Meno

Benchi la pale kona si benchi hasa. Ni kiti cha nyuma cha basi, kile kirefu cha watu watano. Dereva Mstaafu alikiomba siku basi lake alilolizeekea lilipokatwa kuwa vyuma chakavu, akakileta kwa mkokoteni mpaka kwenye ukuta wa gereji ya Kimya, fundi wa magari. Hapo ndipo Mama Birika huweka jiko lake la mkaa kila asubuhi, mtoto mgongoni, birika juu ya moto, vikombe vya bati kwenye sinia. Vikombe vilikuwa vinne: vitatu vya wazee wa kiti, cha nne cha fundi. Tangu juzi vimebaki vitatu, na Mama Birika alikuwa na mtu anayemshuku, ila moyo wake haukumruhusu kusema. Asubuhi hiyo aliona jambo jingine. Kinyozi Sauti hakuwa amefungua kibanda chake. Kipimo, fundi cherehani, alikuwa na futi yake shingoni lakini cherehani bado imefunikwa. Wote walikuwa wamekaa, wanajifanya wamekuja kunywa kahawa tu.

— Mwenye gari anakuja saa ngapi? aliuliza Sauti, ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara.

— Saa nne, alijibu Dereva Mstaafu. Na Jumapili anapanda nalo kilima kwenye mashindano. Kama halijapona leo, analipeleka kule gereji kubwa.

— Shhh! Atakusikia.

Walitazama ndani. Kimya alikuwa ameketi kwenye gari jekundu la chini chini, lenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inayopiga mluzi, laptopu mapajani. Kule gereji kubwa ndiko alikotoka miezi mitatu iliyopita, na bosi wake alimsindikiza kwa maneno mawili: "Utarudi tu." Hili lilikuwa gari lake la kwanza la maana tangu ajitegemee. Mama Birika alipopita na birika alikuwa ameona kisanduku cha spana kimefungwa na kuegeshwa mlangoni. Fundi hafungi kisanduku asubuhi.

Kazi yenyewe Mama Birika aliielewa kidogo, maana Kimya aliwahi kumweleza taratibu, bila kumcheka. Ndani ya kompyuta ya gari kuna jedwali la visanduku vingi, na kila kisanduku kina namba ya digrii, yaani cheche iwake mapema kiasi gani. "Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, dada," alimwambia. "Ukisukuma mapema, bembea bado inakuja, inakugonga. Ukichelewa, unasukuma upepo." Na ubavuni mwa injini kuna kidude kama sikio. Kikisikia injini inagonga, kompyuta inaichelewesha cheche yenyewe kuiokoa injini, na gari linakuwa zito kama limebeba mahari.

Sasa sikio lilikuwa linasikia mgongano kila kilima, na Kimya hakujua unatoka wapi.

— Mimi nasema petroli, alianza Dereva Mstaafu. Petroli ya siku hizi imejaa maji na uongo.

— Ameshaibadilisha mara mbili.

— Basi aibadilishe mara ya tatu. Akili ni nywele.

— Nywele niachie mimi, alisema Sauti. Wewe hata hizo huna.

Kipimo alivuta futi yake huku na huku, kama kawaida yake akitaka kusema neno zito.

— Jamani, kosa ni vipimo. Kimya anachukua vipimo asubuhi, gari halijala. Mteja akija kupimwa suruali na njaa, jioni vifungo vinaruka. Alipime likiwa limeshiba!

— Gari linashiba nini?

— Pumzi! Tabo kazi yake nini, kama si kulishibisha pumzi? Ukiona vyaelea, ujue vimeshiba.

— Vimeundwa, Kipimo.

— Vimeundwa, kisha vikashiba. Usinikate.

Mama Birika alimimina kahawa. Cha Kipimo alikijaza, cha Dereva akakijaza, cha Sauti akaishia katikati. Sauti alichungulia ndani ya kikombe, akamtazama yeye, akanywa hivyo hivyo. Halafu akapiga goti lake kwa kiganja.

— Nyote mnapapasa gizani. Hebu niambieni, gari hili la nani?

— La daktari wa meno.

— Linashinda wapi?

— Uani, nyuma ya kliniki.

— Na kutwa nzima linasikia nini? Watu wanalia! Mashine inakwaruza! Mtoto anaita mama yake! Basi na lenyewe limeingiwa na hofu. Mnasema injini inagonga. Injini wapi? Gari linagonga meno!

Mama Birika alicheka mpaka mtoto akajigeuza mgongoni. Hata Dereva Mstaafu, ambaye hucheka kwa mabega tu, mabega yalimtikisika.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema akimnyooshea Sauti kidole.

— Mimi nina hoja moja tu, alisema Kipimo. Juzi asubuhi lilipanda kilima vizuri. Juzi mchana likakataa. Gari ni lile lile, fundi ni yule yule. Kilichobaki nini? Kilima! Kilima kimeongezeka.

— Kilima kile nimekipanda miaka thelathini, mzee mwenzangu. Hakijaongezeka. Kilichoongezeka ni tumbo lako.

Kimya alitoka nje. Wote watatu walisogea kwa pamoja kumpa nafasi, kiti kikalia kwa chuma chake cha zamani, lakini hakukaa.

— Digrii ngapi sasa, mwanangu? aliuliza Dereva Mstaafu kwa sauti nyingine kabisa.

— Kumi na moja. Juzi asubuhi lilikuwa kumi na nane na halikugonga hata mara moja. Nimepunguza, nimepunguza, bado linagonga pale pale. Nimekaza kila boliti ninayoifikia.

— Digrii kumi na moja si haba, alisema Sauti. Sisi hapa hatuna hata moja.

Kimya alijaribu kutabasamu. Mama Birika aliona macho yake yamekuwa mekundu, akatazama sinia yake. Vikombe vyote vitatu vilikuwa mikononi mwa watu.

Daktari wa meno alifika kabla ya saa nne, mama wa makamo, mkoba begani, koti jeupe limekunjwa kwapani.

— Hamjambo wazee wa kiti?

— Hatujambo, daktari, waliitikia. Sauti aliitikia akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, maana ana jino moja ambalo ameahidi kulipeleka tangu mwaka jana.

Kimya hakumzungusha.

— Dada, nimeshindwa. Nikirudisha digrii huku linagonga, naweza kukutobolea pistoni. Nikiliacha hivi, Jumapili utapitwa na baiskeli. Bora ulipeleke kule. Mimi mwenyewe nitakusindikiza. Nadhani nitabaki huko huko.

Daktari hakulitazama gari. Alimtazama Kimya usoni, jinsi anavyowatazama wagonjwa wake labda, kisha akawageukia wale watatu.

— Ninyi mnakunywa kahawa tangu asubuhi, alisema. Yeye mbona hana kikombe?

Watu waliokuwa na jibu la petroli, la shibe, la hofu na la kilima, wote walitazama ndani ya vikombe vyao kana kwamba jibu limezama humo. Kipimo alikificha chake nyuma ya mgongo.

— Kosa langu, daktari, alisema Mama Birika. Vilikuwa vinne. Kimoja kimepotea tangu juzi.

Na jicho lake, bila yeye kulituma, likaenda kwa Sauti.

— Mbona unaniangalia mimi?

— Si uliwahi kuchukua kimoja ukakorogea sabuni ya ndevu?

— Mwaka jana! Na nilikirudisha!

— Kikiwa na ndevu, alisema Dereva Mstaafu.

— Juzi saa ngapi? aliuliza Kimya.

— Mchana. Nilikuwa nimekuletea wewe kahawa, mikono yako yote miwili imo ndani ya injini, nikaona nisikusumbue, nikakiweka...

Mama Birika aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

— Nikakiweka pale pale, ubavuni mwa injini. Nikasema, kaka Kimya, kahawa hii hapa.

— Nikasema asante, alisema Kimya polepole. Na kahawa yenyewe sikuinywa.

Waliinuka wote kwa mkupuo, kahawa ikamwagika. Kimya alifungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu. Hakuonekana kitu ila mabomba. Akaingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko. Kipimo naye akaingiza wake, ukakwama mapema zaidi.

— Nipisheni, alisema daktari. Hii ni kazi yangu.

Alitoa mkobani kioo kidogo chenye mpini na koleo jembamba. Akainama, kioo kushoto, koleo kulia, Kimya akimmulikia.

— Kipo. Kimebanwa chini ya bomba. Shika taa, usitingishike. Haya, sasa fungua mdomo, alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

Kilitoka taratibu, kikikwaruza: kikombe cha bati, cheusi upande mmoja, kimebonyea kama shavu la mtu aliyeng'olewa gego.

— Nilisema meno! Sauti alipiga kelele. Nani alibisha? Nilisema meno!

Kimya aligeuza kikombe mkononi, akaligonga bati lake kwa ukucha. Ti, ti, ti.

— Injini ikivuta kupanda kilima inainama kidogo, alisema. Inakigonga hiki, na lile sikio liko hapo hapo jirani. Mimi napunguza digrii, na kikombe hakijui digrii.

— Nisamehe, kaka yangu, alisema Mama Birika. Siku mbili nimekutesa.

— Hukunitesa, dada. Siku ile hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba sijala.

Wale watatu walikohoa.

Kimya aliondoka na daktari, laptopu mapajani. Waliobaki walilisikia gari likipita kona kuelekea kilimani, mara ya kwanza kwa uzito, mara ya pili kwa wepesi kidogo, maana Kimya alikuwa akirudisha digrii moja moja. Mara ya tatu tabo ilipiga mluzi, na mtoto akaamka mgongoni, akacheka. Katikati ya hapo Sauti alimsogelea Mama Birika na kikombe chake.

— Kwa hiyo ndiyo maana kahawa yangu imekuwa nusu tangu juzi.

Mama Birika alitazama mkaa.

— Nilijua umekasirika, alisema Sauti, na safari hii kweli alinong'ona. Nikasema nisiulize, labda mtoto hakukulaza.

Mama Birika alimjazia mpaka ukingoni, ikafurika kidogo, akaiacha ifurike.

Gari lilirudi. Kimya alishuka, akainua vidole vya mikono yote miwili, kisha vinane.

— Halijagonga hata mara moja.

— Jumapili uwe nami kilimani, wewe na kompyuta yako, alisema daktari akifunga mkanda. Na wewe, mwenye kiganja mdomoni, Jumatatu nakusubiri kliniki.

Kipimo na Dereva Mstaafu walicheka, na Sauti akasahau kuficha jino.

Kimya alikwenda mlangoni, akafungua kisanduku, akaanza kupanga spana zake mezani moja moja. Mama Birika aliosha kile kikombe kilichobonyea, akainamisha birika. Yalitoka matone, kisha kahawa kidogo nyeusi, ya mwisho, kisha mvuke.

— Imekwisha! alisema Kipimo. Na mimi yangu ilimwagika kwa ajili ya taifa.

— Hii si yako.

Alimpelekea Kimya mwenyewe. Kikombe kilikuwa kimepinda, hakikuweza kusimama popote. Ikabidi Mama Birika asimame pale, mkono kiunoni, mpaka fundi akanywa yote, akamrudishia kikombe mkononi.