Agnetha na Upepo Uliobanwa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii inapowakuta, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Agnetha Maige, mtoto wa Tinde, aliyefariki mwezi uliopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Agnetha alichunguza upepo. Siyo huu unaotujazia vumbi kwenye mboga. Alichunguza upepo wa joto wa Antaktika, kule kwenye barafu.

Najua mnacheka. Upepo wa joto kwenye barafu? Hata mimi nilimcheka.

Baba yake, Mzee Maige, ni fundi baiskeli pale Tinde, kando ya barabara. Agnetha alikua akishika pampu. Siku moja, akiwa na miaka minane, aliigusa kwa chini akaungua kidole. Akadhani ni jua. Baba akamwambia, "Jua liko wapi hapa kivulini? Upepo ukiubana, unakasirika. Haya, jaza, mteja anasubiri." Mtoto akabaki amesimama, anakiangalia kidole. "Nikasema, huyu hasikii," Mzee ananiambia.

Alisoma, akafika mbali. Kazi yake tuieleze taratibu. Upepo unapanda mlima, unaangusha theluji upande huo. Ukishuka upande wa pili, hewa inabanwa, na ikibanwa inapata joto. Chini kuna barafu pana inayoelea baharini. Inayeyuka juu, yanatokea madimbwi, maji yanaingia kwenye nyufa, na barafu inaweza kupasuka. Barafu hiyo ndiyo inayoizuia ile ya nchi kavu isiteremke baharini kwa kasi. Ikiondoka, bahari inapanda.

Mzee hakuridhika. Mwaka ambao mahindi yalikauka, alimuuliza kwenye simu: "Utatuletea mvua?" Agnetha akajibu, "Hapana, baba." Mzee akakata simu. Noela, mdogo wake Agnetha, anasema tangu hapo zilibaki salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Miaka minne. Inaniuma kulisema hili.

Katika miaka hiyo, majira ya baridi kule, wakati jua halichomozi kabisa, kipimajoto cha Agnetha kilipanda kutoka nyuzi ishirini chini ya sifuri hadi saba juu ya sifuri, kwa siku moja. Mkuu wake wa kazi, Edward, akamwambia afute namba hizo, kipimo ni kibovu. Jua lenyewe halipo, joto litoke wapi? Agnetha akakataa. Walibishana wiki nzima, na kazi yake ilikuwa hatarini. Kisha zikaja picha zilizopigwa kutoka angani kwa mitambo inayoona hata gizani, na madimbwi yalikuwapo. Edward mwenyewe alipiga simu msibani kulieleza hili. Alikuwa analia.

Noela alitoa daftari la dada yake. Macho ya Mzee hayaoni vizuri siku hizi, nikamsomea ukurasa wa siku ile. Umeandikwa kwa Kiswahili: "Kipimo si kibovu. Si lazima jua liwepo. Baba alisema, upepo ukiubana, unakasirika."

Mzee akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena.

"Kumbe alisikia," akasema.

Mzee Maige, Noela, na ndugu wote wa Tinde, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi. Na wewe msikilizaji unayesema mtoto wako hasikii, mpigie leo. Muulize amesikia nini.